Mizunguko Elfu Tisa ya Jogoo

Anayesema kisasi ni kibaya hajawahi kukila kikiwa cha moto. Mimi nimekila na vidole nikalamba, ingawa mpishi alikuwa mjukuu wangu.

Mjukuu huyo tunamwita Sikio. Alipokuwa ananyonya, gari likipita barabarani aliachia ziwa, akasikiliza, akatikisa kichwa: plagi moja imekufa. Msinibishie, nilikuwepo. Alipokua akawa fundi wa kompyuta za magari. Magari ya siku hizi yana kisanduku chenye akili, ndicho kinachoiambia injini inywe mafuta kiasi gani na izunguke mpaka wapi. Ikifika kikomo, kisanduku kinaikatia mafuta: basi, mama, pumua. Sikio huchomeka waya kwenye laptopu yake, akakisogeza kikomo juu.

Aliolewa na dereva wa mbio, Jogoo. Gari la Jogoo lilishinda kwa mikono ya Sikio, lakini alipopewa kombe Jogoo alitangaza, "Hili gari nalitengeneza mwenyewe. Mke wangu kazi yake kunipa spana." Watu wakacheka. Sikio alisimama palepale, grisi mpaka viwikoni. Baadaye Jogoo akamwacha, akamfungia mlango wa gereji, akawaambia wateja wote kwamba yule mwanamke hajui kitu. Simu ya Sikio ikanyamaza kama kaburi.

Hakulia. Alihamia kwangu, akaipasua injini ya kigari chake uani, chini ya kamba yangu ya nguo. Kwanza aliweka springi ngumu za valvu, vile vilango vya kupitisha hewa na moshi. Injini ikizunguka kasi mno, springi laini huchelewa kuzirudisha valvu, na pistoni inazigonga. Ndipo akapandisha kikomo kutoka elfu saba hadi mizunguko elfu tisa kwa dakika. Alipokanyaga mafuta, shuka zangu zilikauka papo hapo, za jirani zikajipiga pasi.

"Bibi," akaniambia, "Jogoo ameshasikia. Atakuja kuiba ile kazi ya elfu tisa kwenye laptopu. Mwache."

"Na springi zake laini?"

"Akiniuliza nilifanyaje, nitamwambia ukweli wote. Lakini kuniuliza mimi? Bora ameze spana."

Akaiacha laptopu mezani, wazi, akajificha nyuma ya pazia la chumbani. Haikupita muda, Jogoo huyo mlangoni, ananukia kama harusi.

"Shikamoo, mchumba!"

"Marahaba, mtalaka wangu. Ulisahau soksi?"

"Nimekuja kukujulia hali tu, bibi. Mwenzangu hayupo?"

"Ametoka. Kaa, nikutafutie sukari ya chai."

Nikaenda jikoni kutafuta sukari niliyokuwa nimeishika mkononi. Niliitafuta kwa bidii, nikiimba. Niliporudi, Jogoo alikuwa anatia flashi mfukoni, na ghafla chai hakuitaka tena.

Siku ya mbio wateja wa zamani wa Sikio walijaa jukwaani. Sikio alikuja na kigari chake, mimi kiti cha mbele, kamba nene kiti cha nyuma. Akaenda dirishani kwa Jogoo.

"Una swali lolote kabla hujaondoka?"

Jogoo akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Nimuulize mpa spana!"

Wakacheka kile kicheko cha zamani. Sikio akarudi kando yangu, macho makavu kama kuni.

Jogoo aliondoka kama aliyechomwa sindano. Akawapita wote, injini ikipiga yowe, saba, nane. Sikio akainamisha kichwa kidogo.

"Sasa," akasema.

Mlio ukawa wa kabati la sufuria linaloporomoka ngazini. Moshi, mafuta chini, kimya. Kipande kimoja cha valvu kilipaa juu na mpaka leo hakijatua, kwa hiyo mkitembea tembeeni na kofia. Jogoo alitoka mzima, hata unywele haukusogea. Nami sikumwambia pole. Mwiba wa kujichoma una pole gani?

Mbio zilipokwisha, Sikio alilifunga gari la Jogoo kwa kamba, akamvuta. Geti lilikuwa karibu, kushoto. Sisi tukapinda kulia, tukauzunguka uwanja mzima taratibu, Jogoo kashika usukani nyuma yetu, mimi nawapungia watu mkono kama bibi harusi. Tukasimama mbele ya jukwaa.

"Imekufa na nini?" mteja mmoja akapaza sauti.

"Ameiba elfu tisa zangu," Sikio akajibu, "akaziacha springi. Muulizeni kama nasema uongo."

Macho yote yakamwendea Jogoo. Kisha kwa sauti ndogo, ambayo jukwaa zima lilinyamaza ili liisikie, akasema, "Ulifanyaje?"

Sikio akafungua boneti ya kigari chake. Bila kumtazama, akanyoosha mkono nyuma.

"Nipe spana."

Jogoo akainama kwenye sanduku la vyuma, akapekua, akampa. Sikio akaiangalia, akamrudishia.

"Hii ni kumi. Nataka kumi na mbili."