Haya Thelathini na Moja

Jina la Mama Dodoso alipewa na mtaa, na mtaa ukikupa jina huna pa kulirudisha. Miaka kumi na tisa amepiga hodi kwenye milango ya watu na ubao wake wa kuandikia, kalamu kaifunga kwa uzi kwa sababu wanaoombwa sahihi wana tabia ya kuondoka nayo. Amewauliza watu habari za vyoo, za vyandarua, za barabara ambayo mpaka leo haijapita. Akitokea tu kwenye kona, wenye nyumba wanakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanua. Magoti yanamuuma, kiatu cha kushoto kimelika upande mmoja, na bado kila mlango anausalimia vizuri. Kazi ni kazi, lakini hii imemla.

Safari hii lilikuwa gereza. Lilitakiwa kujengwa juu ya kilima, gereza la watu mia nane, na kabla ya kuchimba msingi ilibidi ijulikane majirani watapata athari gani: vumbi, malori, mataa yanayowaka mpaka asubuhi, na kubwa kuliko yote, majitaka. Kwenye ramani, mfereji wa majitaka ulishuka bondeni ukapita hatua hamsini kutoka kisima cha shangazi yake. Mteremko mzima unakunywa maji ya kisima hicho. Mama Dodoso mwenyewe anateka hapo, ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Kwa hiyo usimwone anaburuta miguu ukadhani hajali.

Alihoji nyumba arobaini kwa siku nne. Swali la mwisho lilisema: kwa jumla, mhojiwa anasemaje kuhusu mradi? Tisa walikataa waziwazi. Waliobaki, wakiwa wameshaulizwa mpaka idadi ya vitanda, walijibu neno moja tu: "Haya." Sasa nani asiyeijua haya hiyo? Ni ya mtu anayeinuka kwenye kigoda akikung'uta nguo, ya kukutoa nje bila kukutukana. Lakini Mama Dodoso alifundishwa kuandika neno la mhojiwa kama lilivyotoka kinywani, bila kutia chumvi. Akaandika Haya, nyumba thelathini na moja, akaenda zake kulala.

Wiki iliyofuata mratibu wa utafiti, mtu mpole mwenye haraka, alimwita ofisini aweke sahihi kwenye ripoti. Ukurasa wa kwanza tu ukamkata maini: kaya thelathini na moja kati ya arobaini zinaunga mkono mradi.

"Bosi, hawa hawajakubali."

"Wamesema haya. Mwandiko si wako?"

"Wangu. Ila hiyo ni haya ya kunifukuza."

Mratibu akavua miwani, akajipangusa macho. Naye alikuwa amechoka. "Mama, kwenye kompyuta hakuna haya ya kufukuza. Kuna ndiyo, hapana na sijui. Haya imeingizwa ndiyo."

"Basi siweki sahihi."

Alishangaa mwenyewe kusikia ametamka hivyo. Mratibu akatazama kalenda, akahema. Akampa siku mbili arudie nyumba zile thelathini na moja kwa swali moja tu, unataka au hutaki. Akamkumbusha pia kwamba mwenye kisima ana ukurasa wake peke yake. Akikataa yeye, mfereji lazima uchorwe upya upite kwingine. Akikubali, unapita ulipochorwa, hata wengine wote wakilia.

Akarudi kwenye milango ileile. Mwenye duka alimuuliza kama amehamia kwake. Fundi cherehani alimjibu bila kuinua kichwa. Watu ishirini na saba wakasema hapana, watatu wakasema hawajui. Akamwacha shangazi wa mwisho makusudi, kwa sababu kwake hakuwa na wasiwasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umerudi tena? Wewe mtoto, hata kupe hupumzika."

Akakaa, akamweleza polepole habari za mfereji na kisima na ule ukurasa wake. Shangazi alisikiliza huku akichambua mchele, kisha akasukuma ungo pembeni.

"Wakijenga, waliofungwa mbali wataletwa hapa?"

"Wa kwetu wataletwa. Ndivyo walivyoandika."

Hapo ndipo Mama Dodoso alipoelewa, akaona haya kwamba hakuwa amefikiria. Mtoto pekee wa shangazi ana mwaka wa sita gerezani, safari ya siku mbili kwa basi. Kwenye ukoo hatajwi. Akiuliziwa, wanasema yuko kazini mbali.

"Mara ya mwisho nilifika saa ya kuonana imepita," shangazi akasema. "Askari aliniambia nirudi mwezi ujao. Nikageuza. Mgongo huu hauniruhusu kwenda tena, mwanangu. Hapo kilimani nitafika hata kwa kutambaa."

"Na maji, shangazi? Sisi sote tutakunywa nini?"

"Maji nayajua, singoji wewe unifundishe. Kisima kikiharibika tutachimba kingine, au tutafuata mbali. Yeye nitamchimba wapi mwingine? Andika nataka."

Mama Dodoso alimkasirikia, tena sana, na papo hapo akamwonea huruma. Alijua akitaka anaweza kuandika hapana. Shangazi hajui kusoma, na mteremko mzima ungemshukuru.

Halafu akaandika Ndiyo, akamsomea kwa sauti alichoandika, akamshika kidole gumba akakibonyeza kwenye wino.