Mshipi wa Kuvaliwa Ndani

Mimi kitu nikinunua lazima nikishike. Ngozi naikunja, naivuta, naipeleka puani, ndipo naongea bei. Ukiniletea picha ya ngozi kwenye simu nakuambia urudi na ngozi yenyewe. Ndivyo nilivyotoka kwenye chumba kimoja cha kupanga kule mtaa wa Jericho, Nairobi, nikilala na nyundo chini ya mto isiibwe, mpaka leo nina kibanda Kariokor kinachojulikana na kila anayevaa akala, ndara zetu za tairi, na nyumba ya kupangisha Pipeline, ghorofa juu ya ghorofa, ambayo nilisimama pale kila jiwe likipandishwa. Shule niliacha darasa la sita. Wengine walioendelea na masomo sasa ni wapangaji wangu. Nasema tu.

Kwa hiyo daktari aliponigeuzia kompyuta yake anionyeshe picha za mikanda miwili ya kufunga tumbo, nilimwambia aizime.

"Daktari, mimi kwa picha sioni. Iko wapi yenyewe?"

Mke wangu alikuwa kando yangu, mkoba juu ya magoti. Akatazama dari.

"Ameanza," akasema.

Wacha kwanza nieleze nilivyofika pale.

Akala hupimwa mguuni. Mteja anasimama juu ya kipande cha tairi, wewe unachuchumaa mbele yake na chaki, unafuata mguu wake: kisigino, upande wa nje, vidole, halafu unarudi kwa ndani. Fundi akikuuliza unavaa namba ngapi, huyo muage uende zako. Mimi nimechora miguu ya makanga wa matatu na ya maaskofu, na hakuna aliyerudi kulalamika kwamba kamba inamkata.

Lakini pesa ilikuja na mwili. Nilipoanza kunenepa watu walinisifu. Kanisani, matangani, harusini: "Mkubwa, mambo yamekubali!" Nikapenda. Mke wangu ni mtu wa magharibi ya Kenya, na kwao firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, na ugali wa mgeni usipomficha aliyekaa ng'ambo ya meza, umemtukana. Mimi Mkamba nilijifunza kula kwa wakwe zangu kushinda wenyeji. Mshipi nilijitengenezea mwenyewe, na tundu la mwisho lilipofika nilichukua panchi nikatoboa lingine. Nani ataniambia mshipi umeisha na mimi ndiye kiwanda?

Siku moja akaja mama mmoja anayeuza mboga, anataka akala za kusimamia sokoni. Nikachuchumaa. Chaki ilitoka kisigino vizuri, ikapanda upande wa nje, ikafika kidole kidogo, na hapo magoti yakakataa. Si maumivu tu. Yalikataa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikashika nguzo ya kibanda niinuke, nguzo ikalia. Pumzi ikawa fupi. Jirani yangu, fundi wa mishipi ambaye tulianza naye tukikalia katoni moja, alikuja akicheka.

"Boss, umepotelewa na nini huko chini?"

Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. Yeye na yule mama, mama mwenyewe miguu mitupu, wakaninyanyua kama kabati.

"Pole, baba," mama akaniambia, huku akipangusa chaki mguuni. "Nitarudi siku nyingine."

Pale juu ya tairi palibaki nusu ya mguu. Mstari ulifika kwenye kidole kidogo, ukateleza ukaenda zake.

Kuanzia siku hiyo jirani ndiye aliyenichorea. Wateja niliwaambia mkubwa hainami, wakacheka, nami nikacheka. Lakini sikutulia. Nilikuwa nikikaa nasimama, nikisimama nazunguka kibanda, nikizunguka nakosa pumzi nakaa tena. Jirani ni bingwa wa mishipi, sikatai, lakini mguu anauchora kwa ukarimu, anaacha nafasi kana kwamba kuna mtu wa pili ataingia. Akala zikaanza kutoka pana. Kijana mmoja akarudisha zake, akaziweka mezani. Nilizitazama na kuona jina langu limetoka kwa mkono wa mtu mwingine. Nikamwambia mke wangu, nisipochuchumaa tena, hiki kibanda ni cha kuonyesha tu.

Ndipo akanipeleka kwa daktari. Presha juu, sukari inanyemelea, magoti yamebeba mtu na nusu. Daktari alisema wengi siku hizi hukatwa sehemu ya tumbo. Nikakataa hapo hapo. Ngozi ukishaikata huirudishi. Nikauliza kama kuna kitu cha kufunga bila kukata tumbo, kitu ambacho kikinishinda kitatolewa. Akasema upo mkanda unaofungwa ndani ya mwili, kuzunguka tumbo la chakula, ili chakula kishuke kidogo kidogo, lakini hakuupamba. Wengi wameacha kuutumia, wengine unawateleza, wengine hurudi kutolewa. Nikasema nataka huo. Kufunga ni kazi yangu.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Daktari alipoona siitazami, alifungua kabati akatoa mikanda miwili ya mfano. Myeupe, laini, kila mmoja kama bangili yenye mpira wa kujazwa maji upande wa ndani, na mrija mwembamba unaokwenda hadi kwenye kidude kidogo kama kifungo cha koti. Hicho kifungo hukaa chini ya ngozi ya tumbo, akasema. Mkanda mmoja mwembamba, unashika mahali padogo kwa nguvu. Wa pili mpana, unalala mahali pakubwa na kubana polepole.

Niliuvuta ule mwembamba.

"Mzee, taratibu," nesi wake akasema. "Hiyo si manati."

"Dada, nimevuta mpira kabla hujazaliwa."

"Hata mimi nimezaliwa kitambo. Weka chini."

Nikaomba niende nayo nyumbani nikaijaribu. Mke wangu akajifunika uso kwa mkoba. Daktari akasema nikafikirie, nirudi.

Kufikiria kwangu ni kwa mikono. Nilirudi Kariokor nikachukua tyubu kuukuu ya tairi, nikakata pete mbili, moja nyembamba, moja pana. Nyembamba nikaivaa mkono wa kushoto juu ya kiwiko, pana nikaivaa kulia, zote zimebana sawasawa, nikaingia kazini. Nilitaka kujua ipi mwili utaivumilia.

"Niaje, boss," jirani akasema. "Unajifunga mwenyewe kama kuku wa kwenda sokoni?"

"Nafanya utafiti."

"Utafiti wa kukata mikono?"

Hata mchana haujaisha, mkono wa kushoto ulikuwa umevimba, vidole vimekuwa kama ndizi mbivu, nyundo haishikiki. Wa kulia ulikuwa na jasho tu. Nikakata ule mpira wa kushoto kwa kisu, nikakaa nikitikisa vidole, moyo umejaa furaha. Mpana! Nilijiona profesa.

Siku ya kurudi nilimwekea daktari pete zote mbili za tyubu mezani, nikamweleza jaribio langu mwanzo hadi mwisho. Alinisikiliza. Akaishika ile nyembamba, akaigeuzageuza.

"Mzee, umepima vizuri sana," akasema. "Lakini umepima kitu kingine. Mimi siku ya upasuaji sikubani. Mkanda naufunga ukiwa mtupu, hata hutausikia sana. Kubana ni baadaye. Unarudi, natia maji kidogo kwa sindano kupitia kile kifungo. Unaenda nyumbani, unakula, unaniambia. Unarudi tena, naongeza, au napunguza. Mpana au mwembamba, ukikosa kurudi, yote ni bure. Tena ni hatari."

"Narudi mara ngapi?"

"Mpaka tupate inapokaa. Na baada ya hapo bado unarudi."

Nani hanijui? Mimi sirudi mahali. Nikinunua nimenunua, nikihama nimehama, nikigombana na mtu njia yake siipiti tena. Watu hunisifia hilo, na mimi mwenyewe hujisifia.

"Daktari," mke wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "muulize, dawa za presha alizopewa siku ile zilipoisha, alirudi kuchukua nyingine?"

"Mama, hayo ni ya nyumbani."

"Na huko nyumbani nani atakuinua ukianguka? Muulize, daktari."

Daktari hakuuliza. Alisukuma pete zangu za tyubu zikarudi upande wangu wa meza.

"Sitakuwekea mkanda wowote sasa," akasema. "Kwanza uje kliniki ya presha. Uje kwa mtu wa lishe. Nikiona unakuja, tutachagua pamoja."

Nilitoka bila kuaga. Nilizunguka uani penye magari mpaka askari wa lango akaniuliza kama nimepotea. Mtu ana pesa yake mkononi na anakataliwa bidhaa! Mke wangu alinifuata pole pole, akanipa chupa ya maji. Nikaenda moja kwa moja kibandani kumweleza jirani, nikitaka anikasirikie mtu pamoja nami.

Jirani alikuwa anatoboa mshipi wa mteja. Alisikiliza panchi ikiwa mkononi.

"Boss, hapa natoboa matundu mangapi?"

"Matano. Kwani leo ndiyo umeanza kazi?"

"Mteja leo anafunga la ngapi?"

"La katikati."

"Na hayo mengine ni ya nini?"

Mshipi ukimtosha mtu kwenye tundu la mwisho siku anayonunua, umemuibia. Hilo nilimfundisha mimi, tukiwa bado kwenye katoni.

"Sasa wewe unataka daktari akuuzie mshipi wa tundu moja," akasema, akapiga panchi. "Nenda zako, bwana. Unanizibia mwanga."

Nilirudi. Naandika neno hilo na bado linanikwaruza. Nilirudi kliniki ya presha nikakaa kwenye benchi na watu wanaosubiri kimya, mimi nikitikisa mguu mpaka mama mmoja akahama. Nilirudi kwa mtu wa lishe, binti mkali, akaniambia nitafune kila tonge kama mtoto asiye na meno. Nikamuuliza kuhusu firigisi. Akasema firigisi ndiyo hasa itakayokwama. Nilimtazama mke wangu nikidhani atasikitika. Akasema, "Basi nitakuwa nakula mimi."

Benchi lile nililizoea kama kiatu kibaya. Mpaka siku daktari alipofungua kabati tena, akaniwekea mikanda miwili, akaniuliza nasemaje. Sikuvuta. Nilimuuliza ni upi mkono wake umeuzoea zaidi, kwa sababu mimi mteja akiniletea ngozi nisiyoijua namwambia ukweli. Akasema mpana. Nikasema basi mpana. Na bado nasema tyubu yangu ilikuwa imejibu hivyo hivyo.

Nimeshawekewa. Kifungo nakigusa chini ya ngozi nikikosa cha kufanya. Mara ya kwanza kutiwa maji sikuona tofauti, nikataka kulalamika bei. Mara iliyofuata akazidisha, maji yenyewe ya kunywa yakagoma kushuka, nikarudi kesho yake akapunguza. Ugali wangu sasa unafichwa na kikombe. Siku kadhaa naamka na hasira ya njaa ambayo si njaa, ni mikono inayotafuta sahani. Mshipi wa kiunoni nimeutoboa tena, safari hii kwa ndani.

Juzi yule mama wa mboga alikuja.

"Nilisema nitarudi," akasema. Jirani akaanza kuinuka na chaki. Nikamwambia akae.

Nikaweka tairi jipya. Kuchuchumaa kamili bado, kwa hiyo nilishusha goti moja, nikasubiri, nikashusha la pili. Mama alisimama amejikaza, mikono mbele, tayari kunidaka. Nikaanza kisigino. Nikapanda upande wa nje. Kwenye kidole kidogo nilisimama nikavuta pumzi, na pumzi ilikuwepo. Nikapita. Nikazungusha vidole vyote, nikarudi kwa ndani, mstari ukakutana na mwanzo wake.

Kuinuka ndiyo kazi. Nilishika nguzo, ikalia, na jirani akaacha kugonga akanitazama. Nikamwambia agonge tu.