Kipa Aliyekwama Ziwani

Kombe lile lilikuwa la mtoano: ukifungwa mara moja tu, unarudi kwenu kupara samaki. Sisi, timu ya ufuo mmoja chini ya Bondo, tulikuwa tumekataa kurudi raundi baada ya raundi, na sasa tulitakiwa Kisumu kwa robo fainali. Mimi nilikuwa kipa.

Nilikuwa na sababu zangu za kuitaka mechi ile. Kocha wa timu ya kiwanda cha sukari alinitumia salamu kwamba angekuja kunitazama. Enzi hizo kiwanda kikikuchukua kudaka mpira, kinakupa kazi, nyumba, na matibabu ya watoto. Mtoto wetu wa kwanza tulimzika kwa malaria. Wa pili alikuwa bado tumboni, nami nilikuwa naikaribia thelathini. Kipa wa umri huo haitwi mara mbili.

Mwalimu wetu wa mpira alikuwa ametuombea nafasi kwenye lori lililopeleka omena, dagaa wa ziwa letu, mjini Kisumu. Mwenyekiti wa timu, ambaye ndiye mwenye boti, alimcheka.

"Mwalimu, hiyo lori ni ya omena. Sisi ni watu," alisema. "Hii maji tumezaliwa ndani yake. Itatupeleka."

Tukacheka sote. Mtu wa ufuo kuingia mjini amebanwa katikati ya magunia ilikuwa aibu. Timu ya ziwani ilifika kwa maji, ikiimba. Ndivyo walivyofanya baba zetu, ila baba zetu hawakuwahi kukutana na gugumaji.

Sisi tulilijua. Lilikuwa limeingia ziwani miaka ya karibuni, majani mabichi na maua ya zambarau, likielea kama shamba lisilo na mwenyewe. Likija kwetu tulilisukuma kwa makasia huku tukilitukana. Asubuhi ile maji yalikuwa wazi hadi tukayaona mabati ya Kisumu yaking'aa. Tukavaa jezi botini ili tusichelewe. Kisha upepo ukageuka.

Gugu lilitufunga mbele, likatufunga nyuma. Injini ilinasa mizizi ikazima. Tulikata kwa panga, tukang'oa kwa mikono, na kila tulipofungua nafasi ya upana wa ndoo ilijaa tena. Beki wetu wa kushoto alijaribu kutembea juu yake akazama hadi kwapani, tukamvuta kwa jezi. Dunga, ufuo wa kuingilia Kisumu, ilikuwa pale pale, tukiwaona akina mama wakianika samaki. Niliita mpaka sauti ikakauka. Mmoja wao akatupungia mkono. Nadhani alifikiri tunashangilia.

Jua likapita utosini. Mwenyekiti alijiinamia, hakumtazama mtu. Mwalimu alikuwa na haki ya kumlaumu, lakini alishika panga akaendelea kukata. Mimi nililia mbele ya wanaume wenzangu, glovu mikononi, wala sikuona haya.

Upepo ulituachilia jioni. Nilikimbia kutoka Dunga hadi uwanjani na jezi yangu ya matope, watu wakiniuliza njiani tumeshinda ngapi. Mzee wa uwanja alikuwa akifunga geti.

"Mzee, mechi?"

"Nyinyi hamkukuja, wakapewa ushindi. Lakini watu walikuwa wamelipa, wakakataa kutoka. Hiyo timu ikajigawanya mara mbili, ikacheza yenyewe."

"Na kocha wa kiwanda?"

"Huyo alikaa mpaka mwisho. Kwa goli yenu waliweka kipa yao ya akiba." Akanitazama glovu. "Omera, ndugu yangu, huyo kijana alidaka. Kocha ameondoka na yeye kwa gari sasa hivi."

Boti tuliiacha Dunga. Lori lile lile la omena ndilo lililoturudisha kesho yake, tumekaa juu ya magunia matupu, hakuna aliyeimba. Mke wangu aliposikia mlio wake alidhani tumeshinda, tumeletwa kwa heshima. Alitoka mbele ya nyumba, mkono mmoja tumboni, akapiga vigelegele.