Nilitangaza Moshi wa Mama Mukwe ku Radio

Bandugu, kosa ni langu. Hakuna shetani aliyenisukuma, ni uvivu tu. Mi ndiye niliharibu jina ya mama mukwe wangu mu muji wa Baraka yote, tena ku radio!

Sikilizeni basi. Wakati vita ilitulia na barabara ikafunguka, bafundi balianza kazi tena: sabuni ya mawese, matofali, moulin za kusaga mihogo. Ushirika wao ukanichagua mi. Kila mwisho wa mwezi nipite kwa kila mumoja, nimuulize kama kazi imepanda ao imeshuka kupita mwezi uliopita, kisha nitangaze. Bacommerçant ba Swima na Lusenda banasikilizaka, ndipo banajua kama bakuje kununua ao babaki kwao.

Mwanzo nilitembea vizuri. Kisha nikachoka. Jua ya Baraka, weee! Nikaanza kukaa ku barza na kuangalia moshi. Moshi mingi, kazi imepanda. Moshi kidogo, imeshuka. Na hakuna mutu aliyestuka!

Mama mukwe naye, présidente wa chorale ya kanisa, alijiandikishaka kama mutengenezaji wa sabuni. Mwezi ule moshi wake ulipanda kama nyumba inaungua. Nikavimba kifua! Nikasema ku radio:

"Kwa Mama Présidente wa chorale, sabuni imepita bote! Moto wake hauzimike!"

Kesho yake camion ikatoka Lulimba, imejaa bateja ba sabuni. Pasta naye akakuja kubariki kazi. Mi niko mbele yao, meno yote inje, naonyesha njia.

Mama mukwe kutuona, akakaa haraka juu ya pipa.

"Mukwe wangu, leo hapana. Sabuni haiyakauka."

"Mama, Pasta anataka kuombea tu!"

Pasta akafunua sufuria kubwa pa moto. Harufu ikamupiga, akarudi nyuma, akashika ukuta.

"Mama, hii sabuni gani?"

"Ya kuosha ndani, Pasta."

Lotoko! Pombe kali ya mihogo, na mabomba yake yote! Yeye mwenye kukatazaka bamama ba chorale hata kasiksi, pombe ya ndizi! Chauffeur wa camion akauliza bei.

Oo, haya niliyoona! Chorale ilimunyanganya mama mukwe foulard yake ya kichwa, ile ya uprésidente. Bibi yangu, mutoto wake, akafunga vitu vyake, akaenda kwa mama yake, eti nimemuzalilisha muzazi wake mbele ya watu.

Sasa mama mukwe anapika sabuni ya kweli, na mi natembea kwa miguu. Mwezi uliopita nilifika pale, bibi yangu akatoka ku mulango. Nikamuuliza kwa sauti ya chini:

"Bibi yangu, kazi imepanda ao imeshuka?"

"Enda utangaze: sabuni imepanda. Mapendo imeshuka."

Akafunga.

Weye uliyepewa kazi ya kuuliza, tafazali, uliza! Gonga mulango, ingia, nusa! Usifanye kama mi. Leo najipikia bugali mwenyewe, na kila siku inatoka na mabonge!