Gauni la Kukisia

Wajawazito wa mtaa mzima walishonewa na Fundi Kimya. Alijua pa kuacha nafasi ya mwezi wa nane na pa kuficha vifungo vya kunyonyeshea. "Huyu jicho lake ni futi," walimsifu. Basi mkewe, mwalimu wa chekechea mwenye mimba ya miezi saba, alipoomba gauni, Fundi alilishona kwa siku moja, akalipiga pasi, akampelekea nyumbani.

Lilikwama tumboni. Wakavuta, likagoma. Mwalimu akacheka.

"Bwana wee, hili umenishonea mimi au mdogo wangu? Vipimo umetoa wapi?"

"Daftarini. Vya mwaka jana. Nikaongeza kidogo."

Kicheko kikakatika. "Mke wa muuza mkaa umempima mara mbili. Mimi ninayelala ubavuni mwako umenikisia?"

Fundi akainamisha kichwa. Ni kweli, miezi miwili hakuwa amemshika lile tumbo. Mtoto akicheza, Mwalimu akamwita aje aguse, Fundi alisema "nakuja", kisha akatoka nje. Utotoni ndugu walimlea kwa kupokezana, mwaka huu kwa shangazi, mwaka ujao kwa mama mdogo, na kila alipomzoea mtu alifungiwa virago. Mwalimu naye, kadiri mumewe alivyorudi nyuma, ndivyo alivyomfuata. Kila siku kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshampigia simu mara tatu kwenye duka lake la ushonaji. "Umekula?" aliuliza, na wote wawili walijua swali lake ni "Bado upo?"

Sasa alilivua gauni, akalikunja vizuri.

"Kesho naenda kwa mama. Nitajifungulia huko. Wewe baki na kazi zako."

Aliyasema bila hasira, kwa sauti ile ya kuhesabu watoto darasani. Fundi alisikia kifua chake kikipumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nafuu hiyo ndiyo iliyomuumbua mbele ya nafsi yake. Mke anaondoka na mtoto wake tumboni, naye anapumua!

Angeweza kusema "safari njema", yakaisha. Akaketi kitandani.

"Uliposema unaondoka, nilifurahi."

"Unasema?"

"Kidogo. Halafu nikajiona sina maana. Mke wangu, mimi nikimzoea mtu naanza kumsubiri aniache. Na huyu mtoto... nimeshaanza kumkimbia hata hajazaliwa."

 Machozi yalimtoka Mwalimu, akayafuta kwa kiganja.

"Haya. Mwenzangu anakimbia, mimi nakimbiza. Mtoto atazaliwa uwanjani huyu."

Fundi alicheka, kisha akaona aibu kucheka.

"Usiende."

"Kwa mama nitaenda, nimechoka kulia peke yangu. Ila ukitaka, twende wote. Ukae siku mbili. Mama atakuhoji."

"Sana?"

"Kama polisi."

Fundi aliinuka, akashusha begi kutoka juu ya kabati. Akatia mashati mawili. Akasimama akiyatazama, kisha akaongeza la tatu.