Breki Inayoshika Mbele na Nyuma

Miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika, nilikuwa bwana shamba Kibiti, na kwa pikipiki nilijiona mwalimu wa walimu. Niliwahubiria wenzangu kwamba breki ya mbele ni ya kujiua.

Siku moja mnunuzi wa korosho akaja na pikipiki mpya. Ukikanyaga breki yake ya mguu, magurudumu yote mawili yanashikwa kwa pamoja. Wenzangu wakaisifu. Mimi nikasema, "Hiyo itakurusha kama gunia."

Mwenyewe akacheka, akanipa ufunguo. "Ijaribu kwanza, bwana shamba."

Nikashika njia ya Mahege. Sikufika mbali. Kwenye mteremko mbuzi wawili walisimama katikati ya njia. Nikaupeleka mguu kwenye breki, nikayakumbuka mahubiri yangu, nikaurudisha. Nikawakwepa mbuzi, nikaingia shamba la mpunga, tope hadi masikioni.

Mwenye pikipiki alikuja mbio. "Breki imekataa?"

"Sijui," nikamjibu. "Sikuikanyaga."

Mama mmoja aliyekuwa akipalilia akauliza kwa upole kama kulaza mpunga namna ile nako ni kilimo cha kisasa.