Malkia Tamira wa Kitale

Niliajiriwa kusoma matangazo ya vifo. Kituo chetu, redio ndogo ya Kikristo, kilikuwa juu ya duka la mbegu mjini Kitale, na siku ya kwanza niliketi dirishani nikisubiri zamu yangu. Kabla sijasoma jina hata moja la marehemu, Meneja wa Vipindi akaja na karatasi mkononi.

“Mama Simiyu, umewahi kuigiza?”

“Shuleni tu, wakati wa Krismasi.”

“Basi ingia studio. Malkia wetu amehamia Nakuru bila kutuambia.”

Ndivyo nilivyokuwa Malkia Tamira, mama wa kambo wa mfalme kijana katika nchi ya kubuni iitwayo Ruhenda. Mchezo ulitokana na riwaya ya Mwalimu Nafula wa Kamukuywa, kuhusu ikulu iliyojaa fitina, milima inayosema, na Adila, msichana aliyemhudumia mfalme vinywaji na kumwomba Mungu kila aliposhika kikombe. Mfalme alipoanza kumsikiliza Adila, Tamira aliapa kumwondoa.

Kituo hakikuwa na mitambo mingi. Fundi wa sauti alitikisa kipande cha bati kuleta radi, na askari wa ikulu walitembea kwa changarawe ndani ya karai. Alinifundisha kuvuta pumzi uso ukiwa pembeni, maikrofoni isije ikanasa ile hewa. Mtayarishaji wa mchezo alinipa somo gumu zaidi.

“Usisome kama mtu mbaya,” alisema. “Tamira anajiona yuko sawa. Ongea polepole, kama mama anayempenda mtoto wake.”

Nilifanya hivyo, na mji ukanichukia. Tamira alipoficha pete ya mfalme kwenye matandiko ya Adila, na msichana akatupwa gerezani kama mwizi, nilienda sokoni kununua nyanya. Nilipouliza bei tu, muuzaji akainua kichwa.

“Hiyo sauti naijua. Si ni wewe uliweka pete kwa kitanda ya huyo mtoto?”

“Ni mchezo tu, mama.”

“Ati mchezo! Enda ununue kwingine, bana.”

Nilicheka njia nzima. Kanisani sikucheka. Nilikuwa kiongozi wa maombi katika ushirika wa akina mama, na Mwenyekiti wetu aliniita kando baada ya ibada.

“Dada, pumzika kidogo kuomba. Akina mama wanasema ukifunga macho, wanasikia yule malkia.”

“Nimewakosea nini?”

“Hujakosea. Lakini hawasemi amina.”

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Kuomba mbele za watu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho tangu mume wangu afariki.

Tulipofikia kipindi cha mwisho, Mkurugenzi, ambaye alikuwa mchungaji, alitukusanya. Mwalimu Nafula alikuwa amekuja kutoka Kamukuywa. Katika riwaya yake, Tamira anashuka gerezani mwenyewe, anapiga magoti mbele ya Adila na kuomba msamaha.

“Wasikilizaji wanataka radi,” Mkurugenzi alisema. “Mwanamke kama huyo Mungu ampige, watu waogope dhambi.”

“Mchungaji, nimeandika kitabu kizima nikielekea hapo gerezani,” Mwalimu alijibu. “Ukitoa hiyo toba, utoe na jina langu.”

Mkurugenzi akanigeukia. “Na wewe, Mama Simiyu?”

Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na yeye ndiye angeamua kama ningebaki.

“Turekodi miisho yote miwili,” nilisema. “Lakini mimi naona Tamira apige magoti.”

Tulianza na radi. Bati lilinguruma, nikapiga kelele, ikaisha haraka. Kwa toba, nilimwomba fundi ashushe maikrofoni, kwa maana mtu aliyepiga magoti sauti yake hutoka kwingine. Nikapiga magoti sakafuni. Miezi yote hiyo nilikuwa nimemnyima Tamira sauti yangu ya maombi, nikiilinda. Siku hiyo nilimpa. Msichana aliyeigiza Adila alishindwa kusema maneno yake, tukangoja mpaka akaweza.

Mkurugenzi aliisikiliza ile toba kwa visikilizio masikioni. Kisha akavivua. “Hii ndiyo iende.”

Kipindi kiliporushwa Jumamosi, simu zilipigwa kwa hasira. Wengine walikuwa wakingojea radi kabisa! Lakini Jumapili Mwenyekiti wa akina mama alinijia mlangoni mwa kanisa.

“Jana nilizima redio,” alisema. “Sikutaka huyo mama asamehewe. Halafu nikaiwasha tena.” Akanishika mkono. “Leo utatuombea.”

Niliomba kwa ufupi. Mama mmoja nyuma hakufunga macho. Alinitazama tangu mwanzo hadi amina. Lakini amina aliisema.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Bungoma kufundisha waigizaji wapya, nikafanya kazi chini ya wakuu wa kila aina mpaka nikastaafu. Sasa nalima mahindi na maharagwe Bumula, na sauti imekuwa nzito. Wanaoanza kazi hii huniuliza kama kuigiza uovu kunaharibu imani. Kwangu kulinipunguzia haraka ya kuhukumu, kwa sababu kila fitina ya Tamira nilitakiwa kwanza nitafute mahali palipomuuma.

Juzi mwanafunzi mmoja wa kike alinitembelea kutoka chuo cha Kibabii. Wanarekodi mchezo mpya, akaniomba niwe bibi mwenye hekima anayempa mfalme mawaidha.

“Kuna nani mwingine humo?” nilimuuliza.

“Kuna nabii wa uongo, mwanamke. Hakuna mtu anamtaka, bibi.”

“Nipe huyo,” nilimwambia.